Sahihi ya Furaha

Jumatatu, 3 Februari

Zamu ya asubuhi. Vitunguu na karoti, kontena mbili. Mgongo unauma. Msimamizi kanifokea kwa Kiflemi, nikamjibu kwa Kisukuma. Tumeelewana.

Kutoka ghalani nimekwenda moja kwa moja kituo cha polisi, kuulizia kibali cha bastola. Karani wa dirishani alinitazama kana kwamba nimeomba kufuga chui. Akauliza mara mbili. Kubeba? Barabarani? Ndiyo, kubeba. Kiunoni, chini ya koti, kama nilivyobeba Mwanza miaka kumi na tisa nikiwa na duka langu la vifaa vya ujenzi. Nikamwekea mezani kitabu changu cha leseni ya Tanzania. Picha, muhuri, kila kitu. Hakukifungua. Alikirudisha kwangu kwa kukisukuma na kidole kimoja. Hapa Ubelgiji hakina kazi, akasema.

Kidole kimoja.

Jumanne, 4 Februari

Niandike mara moja yaishe. Sitaki kuyarudia.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, ngazi za metro, treni ya chini ya ardhi, mtaani kwetu Anderlecht. Watu wawili. Mmoja alininyang'anya simu. Ilikuwa imetosha. Simu wameipata, waende zao. Lakini yule wa pili, mrefu, mwenye kovu linaloikata nyusi ya kushoto, alirudi ngazi mbili akanipiga kofi. Bila sababu. Miwani ikaanguka. Akaikanyaga taratibu huku akinitazama usoni.

Watu wanapanda, watu wanashuka. Bibi mmoja aliokota fremu akanipa. Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba nilisema asante, sauti nyembamba kama ya mgonjwa.

Nina miaka hamsini na minane. Tangu baba yangu afe hakuna aliyewahi kunipiga kofi.

Polisi waliandika maelezo, wakanipa nakala. Tangu hapo kimya.

Namchukia yule mtu. Nimewahi kuchukia watu, lakini si hivi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimechukua fomu. Wanataka cheti cha daktari. Mtihani wa sheria. Mtihani wa kulenga shabaha. Cheti cha tabia njema. Barua ya kueleza sababu. Karani akanionya: kuwa na silaha nyumbani ni kazi, kutembea nayo ni kazi mara kumi, hata Wabelgiji wenyewe wanakataliwa. Na mgeni je? Akapandisha mabega. Watu wa hapa wanajua kukukatalia kwa mabega.

Ukurasa wa mwisho: kila mtu mzima anayeishi nyumba moja na mwombaji atie sahihi kwamba hana pingamizi. Nikacheka. Tuko wawili tu, mimi na mke wangu Furaha. Hilo ndilo jepesi kuliko yote.

Jumapili, 16 Februari

Furaha amekataa.

Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, katoka kanisani, koti bado mwilini. Akaikunja mara mbili akaiweka juu ya friji. "Miye siandike jina yangu pale, Gervas." Nilidhani utani. Nikamwambia kalamu hii hapa. Akaenda jikoni kuosha sombe, kisamvu cha kwao.

Mwanamke huyu nilimfuata. Nilifunga duka, nikaiacha Mwanza, nikaja kwenye baridi hii kwa ajili yake. Yeye ni wa Bukavu, alikuja hapa mkimbizi, leo ana pasipoti yao. Anahudumia wazee majumbani. Sasa hivi ana mzungu mmoja wa Koekelberg aliyewahi kuishi Kivu, na mzee huyo humwamkia kwa Kiswahili kila asubuhi. Kwa huyo ana subira. Kwangu mimi sahihi moja tu imemshinda.

Jumatatu, 17 Februari

Hatujasemezana. Ameniwekea sahani, akala jikoni.

Sawa.

Jumamosi, 22 Februari

Leo yametoka.

Nilimuuliza kwa utulivu. Labda si utulivu sana. Nilimwambia hakuona lile kofi, hajui kushuka ngazi zile kila siku ukijihesabu kama kuku anayesubiri kisu. Nilimwambia nataka kuwa mwanaume tena. Akazima redio.

"Bon. Kule kwenu ulikuwa na ruhusa?"

"Nilikuwa nayo."

"Yenye muhuri?"

"Yenye muhuri."

"Alors, ile ruhusa ilimusaidia nini Shija?"

Nikatoka, nikazunguka jengo mara tatu kwenye mvua.

Shija alikuwa mpakiaji wangu. Jioni moja umeme umekatika, duka nimeshafunga, nikasikia mtu uani. Nikaita, hakujibu. Nikafyatua. Alikuwa Shija, amerudi kuchukua pampu ya baiskeli, amevaa visikilizio vya redio ndogo masikioni. Risasi ilipita pajani. Hadi leo anachechemea. Polisi walisoma leseni yangu, wakasema bahati mbaya, wakanywa soda wakaondoka.

Hiyo habari nilimweleza Furaha mwaka wetu wa kwanza. Mimi mwenyewe, kwa hiari. Nililia mbele yake. Hakuna mwingine aliyewahi kuniona nalia.

Jumanne, 25 Februari

Nimemkasirikia kiasi kwamba hata sauti ya viatu vyake koridoni inanichoma. Nilimpa siri yangu aitunze. Kumbe alikuwa anainoa.

Daktari ametoa cheti. Akili timamu, macho na miwani mipya, shinikizo la damu juu kidogo. Aliniuliza kama nina usingizi. Nikasema ninao. Uongo.

Jumamosi, 1 Machi

Matonge, mtaa wa Wakongo, kunyoa. Bosco, kinyozi wangu, amesikia habari zangu, sijui kwa nani. Alisubiri mteja wa kiti cha jirani atoke, akainama sikioni na mashine mkononi.

"Papa, unajisumbua na mapapier ya nini? Kuko muntu. Deux jours tu, unapata. Hata jina haulizake."

Bastola ya magendo, kwa siku mbili! Nikamwambia mimi si jambazi. Nikamwambia kwa sauti, watu wakageuka. Nikamwambia mtu mwenye heshima huomba kibali, na asiyejua tofauti hiyo asininyoe. Nikavua lile shuka, nikaondoka. Kichwa nusu kimenyolewa. Bosco akanifuata hadi mlangoni, "Papa, rudia basi tumalize upande!" Nikavaa kofia hadi nyumbani.

Furaha aliniona bafuni nikijimalizia mwenyewe kwa wembe. Hakucheka. Angecheka ningefurahi, nadhani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefaulu mtihani wa sheria. Kwa Kifaransa! Tulikuwa saba chumbani, mgeni peke yangu. Aliyekaa karibu nami, mwindaji mwenye masharubu, ameanguka. Sikumwonea huruma.

Hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetia sahihi ya Furaha.

Nilijizoeza kwanza kwenye mfuko wa mkate. F kubwa yenye mkia, halafu mstari kama wimbi. Mara ya tisa ikafanana. Nikaandika kwenye fomu, nikapeleka kabla mkono haujapoa. Karani alipokea bila kuangalia.

Miaka yote ya duka sikuwahi kupunja mtu hata msumari.

Alinilazimisha. Naandika hivyo, nasoma, na bado naona alinilazimisha.

Jumatano, 19 Machi

Amekuja polisi wa mtaa, mwanamke, nywele fupi, adabu nyingi. Ukaguzi tu, alisema. Silaha ingehifadhiwa wapi, nani anaishi hapa. Nilidhani Furaha yuko kazini. Alikuwa chumbani. Yule mzee wake wa Koekelberg kapelekwa hospitali kupimwa, wamempa mapumziko.

Akatoka na kitenge, akakaribisha kahawa. Tukakaa watatu mezani. Yule polisi akafungua faili, akamgeuzia ule ukurasa. Madame, hii ni sahihi yako?

Furaha aliitazama muda mrefu. Mimi niliitazama saa ya ukutani. Niliomba, nakiri, niliomba Mungu amfanye mwongo.

Aliomba kalamu. Akaandika jina lake nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, taratibu, akaisogeza kando ya ile yangu. Hata mtoto angeona. F yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi.

Polisi akafunga faili. Akaniambia nitaitwa. Halafu, amesimama mlangoni, nami nipo palepale, akamuuliza mke wangu kama anajiona salama humu ndani.

Salama. Na mimi.

Furaha alifikiri kwanza. Ndipo akasema ndiyo.

Alifikiri kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepiga kelele. Nimesema maneno ambayo sitayaandika. Nimepiga meza kwa ngumi, kikombe kikaanguka kikavunjika. Akaokota vipande vyote. Akafunga begi. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa dada yangu, Namur. Unaona sasa, Gervas? Bunduki haiko bado, na mimi nashaogopa."

Nimemwacha aende. Nilifurahi mlango ulipofungwa. Kama dakika kumi.

Jumatatu, 24 Machi

Kazi. Viazi. Nimegombana na dereva wa forklifti. Nimegombana na mashine ya kahawa.

Nyumba inanuka mimi tu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika vibaya.

Nilikuwa jukwaani nikisubiri metro, nimetoka sokoni. Yeye, yule wa kofi. Urefu ule, mabega yale, jaketi lile jeusi. Amekaa benchi, upande wake wa kulia uko kwangu, anaongea na simu, anacheka. Nilisogea hatua mbili. Na mkono wangu wa kulia ulikwenda peke yake. Sikuutuma. Uliinua koti, ukashuka kiunoni, ukafungua kifungo cha mkoba wa bastola ambacho hakipo, ukashika hewa.

Hapo akageuka.

Hana kovu. Nyusi nzima, zote mbili. Kijana tu, labda ishirini na mbili, ana mkate mrefu mapajani, ameumega ncha yake akala njiani. Akaniona nimesimama juu yake. Akadhani nataka kukaa. Akasogea, akaondoa mkate.

"Pardon, papa. Kaa hapa."

Nilikaa. Akaendelea kuongea na simu. Ni Mkongo, alikuwa anazungumza na mama yake, anamwambia mkate amepata. Treni ikaja akapanda. Mimi sikupanda. Zikapita tatu.

Ningekuwa nayo, ile bastola.

Ule mkono haukumwona mtu yeyote pale. Vilevile uani siku ya Shija, giza lile. Haukuuliza.

Jumapili, 30 Machi

Nimempigia Furaha. Nilidhani hatapokea. Nikamweleza yule kijana, mkate, kifungo kisichokuwepo. Nilieleza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilisikia redio ya dada yake kule nyuma.

"Nimesikia," akasema. Akakata.

Sikumwomba arudi. Nilitaka, lakini ningekuwa nakusanya faida ya kukiri kwangu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeitwa kituoni. Yule yule wa nywele fupi. Nilikwenda bila wakili, pengine ujinga. Nikamwambia sahihi niliiandika mimi, mke wangu hakujua. Nikamwambia nafuta maombi. Aliandika yote, akanisomea, akanieleza kwamba la kughushi haliko mikononi mwake, linakwenda mbele. Huenda nikapewa onyo, huenda zaidi. Kibali nisahau.

Aliniuliza kwa nini nafuta wakati yangekataliwa vyovyote. Nikasema nilitaka kuyafuta mwenyewe.

Bado namchukia mwenye kovu. Hilo halijabadilika. Nilidhani litabadilika.

Jumanne, 8 Aprili

Nimerudi kwa Bosco. Alinyoa kichwa chote, polepole. Mwishoni nikasema samahani kwa zile kelele. "Aa papa, hapa watu wanapigaka kelele kila siku," akasema, akanipangusa shingo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mvua kidogo, halafu jua.

Furaha amekuja mchana, na begi lilelile. Sijui kama amerudi au amekuja tu. Sikuuliza. Amekula wali na maharage niliyopika, akasema chumvi imepungua. Ni kweli.

Hapa matawi si ya mtende. Kanisani wanagawa vijiti vya kichaka chenye majani madogo, kijani iliyokolea. Alikuwa nacho kimoja, kimebarikiwa, akataka kukichomeka juu ya mlango. Akavuta kiti cha jikoni, akapanda. Kiti kinayumba.

"Shika," akasema.

Nikashika kwa mikono miwili mpaka akashuka.