Wanasema Saa Yako Iliwafuturisha Mchana

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Nilidhani nitangoja ipoe kwanza. Haikupoa. Arobaini yako imepita, Idi imepita, na bado kila nikiingia studio na kuona kiti chako na mto wake wa kitenge, nataka kugombana na mtu.

Nianze na Papa Direkta, huyo mkuu wa redio yetu, maana ndiye anayenichoma zaidi. Alikuombea msamaha redioni. Ndiyo, wewe. Alikaa mbele ya maikrofoni, akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya matanga: "Ile saa marehemu mama yetu fundi alitutengenezea ilikuwa na makosa. Kwa niaba yake, tunaomba watu wa Kasongo watusamehe." Kwa niaba yako! Ulimtuma lini? Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka, na mtu aliyekunyima kibetri cha ordinatere, kompyuta yetu ya studio, miaka yote ndiye anageuka msemaji wako.

Kibetri chenyewe kidogo kama kifungo cha koti. Ulikiomba mpaka ukachoka. Bila hicho, kila umeme wa paneli ulipokatika, ordinatere ilizinduka ikidhani tuko miaka ya nyuma, na watu wa mradi waliotupa ile mashini walikuwa wameondoka na neno lake la siri, kwa hiyo hatukuweza hata kuirekebishia saa. Simu zetu nazo zilikuwa kichekesho. Moja ilifuata saa ya Kinshasa, nyingine saa yetu, nyingine Mungu ndiye anajua. Ndipo ukasema utaweka saa ndani ya Ekseli, juu kabisa ya jedwali la vipindi, kwa tarakimu kubwa ambazo mtangazaji angeziona hata akiwa upande wa pili wa kioo.

Mara ya kwanza uliandika fomula, na saa ikakaa kimya. Ukigusa kitu inaruka, ukiiacha inasinzia. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Hii Ekseli iko muvivu, inangoya uiamushe!" Ukarudi tena kwenye kazi, ukaiandikia makro, amri zinazojiendesha: ongeza sekunde moja, ngoja kidogo, jiamshe mwenyewe, ongeza tena. Umeme ukirudi tunaandika saa kutoka kwenye saa yako ya mkono, tunabonyeza butoni ya Anza, basi. Siku sekunde zilipoanza kutembea zenyewe bila mtu kugusa kitu, nilitoka mbio kumwita Yohana, mtangazaji wetu, aje aone. Yohana alisimama pale mdomo wazi, na wewe ukajifanya kama si jambo kubwa.

"Finya mara moya tu, halafu utoe mukono." Maneno hayo ulimwambia kila mtu, hata mlinzi ambaye haruhusiwi kuingia. Nilipokuuliza kwa nini, ulinionyesha. Ukibonyeza mara mbili unaita makro mbili, na kila moja inaongeza sekunde yake kwenye saa ileile, kama wanawake wawili wanaotwanga majani ya sombe kwenye kinu kimoja. Saa inakwenda mbio na hakuna mlio wowote wa kukuonya.

Halafu ukaenda kuongea na mashehe, misikiti ya mji ikakubali kwamba Ramadhani hii itafuata saa ya redio, ili watu waache kubishana na futari iwe moja kutoka hapa mpaka Nyangwe. Ulirudi nyumbani ukiimba. Na wewe huyohuyo, katikati ya Shabani, homa ikikutetemesha, ulipanda kufunga waya wa antena kwa sababu eti hakuna mwingine anayejua. Nilikuambia ushuke. Nilikuambia, Mama! Wanasema ulikufa na malaria. Mimi nasema malaria ilipata msaidizi, na msaidizi huyo ni ubishi wako.

Sasa sikia walivyokufanya. Ilikuwa siku ya mvua, mawingu meusi tangu alasiri, jua halionekani. Umeme ukakatika, ukarudi magharibi ikiwa inakaribia. Niliandika saa kwenye jedwali na nilikuwa nanyosha mkono nibonyeze, Papa Direkta akaingia na wageni wake kutoka Salamabila, wafanyabiashara wa dhahabu anaotaka watangaze kwetu. Akanisukuma kando awaonyeshe mashini. Akabonyeza. Ordinatere ilikuwa bado nzito, namba hazikuonekana mara moja. Akabonyeza tena. Nikasema, "Papa, mara moya tu!" Akasema, "Mutoto, ni wewe utanifundisha? Enda utafute viti vya wageni." Nikiwa mlangoni nilimwona akibonyeza tena.

Nilikuwa bado kwa jirani naomba viti niliposikia adhana kwenye redio yake. Watu waliokuwa wamebanwa na njaa hawakuuliza mara mbili. Tende, uji, mandazi, kila mtu akajaza mdomo. Kisha mawingu yakafunguka upande wa mto Lualaba, na jua hilo hapo, zima kabisa, juu ya miti. Niliona mzee mmoja anatema uji barabarani huku analia.

Yohana aliona kila kitu kupitia kioo. Nilimuuliza mbele ya Direkta, naye akatazama viatu vyake. Ana watoto, najua. Lakini siku hiyo nilimchukia.

Na watu wakaamini, Mama. Hilo ndilo lililoniua. Koko Salima, bibi jirani yetu uliyemchotea maji alipovunjika mguu, alinisimamisha sokoni mbele ya watu: "Zuhura, sisi hatutakula chakula cha arobaini ya mama yako. Mufungo wetu wote uko mu kaburi yake." Nilidhani ni maneno ya hasira tu. Siku ya arobaini nilipika wali sufuria mbili kwa ajili ya futari, na sufuria moja ilirudi ndani bila kufunuliwa. Watu wachache waliokuja walisoma dua haraka haraka na kuondoka. Usiku ule sikukulilia, nilikaa nakutukana.

Asubuhi nilibeba ordinatere, sikumwomba mtu ruhusa, nikaipandisha kwenye pikipiki mpaka kwa Shehe, ambako pia kuna paneli. Wanawake wa msikiti walikuwepo, Koko Salima naye. Direkta akafika nyuma yangu akihema. Nilimwomba Shehe aweke saa yake ya mkono kando ya skrini. Nikabonyeza mara moja: zikaenda sawa, sekunde kwa sekunde. Nikasimamisha, nikaanza upya, nikabonyeza mara tatu. Tarakimu zilikuwa zinakimbia na saa ya Shehe inatembea taratibu zake. Nikasema nani aliyebonyeza, mbele ya wageni gani, na kwamba mimi nilimkataza.

Unajua Direkta alijibu nini? "Saa gani hiyo inakubali mutu afinye mara tatu? Mutengenezaji ndiye mukosaji." Na Mama, hapo hasira yangu ikakugeukia wewe. Kwa sababu ni kweli. Ulijua! Usingekuwa unajua usingetuimbia kila siku mara moja, mara moja. Mistari michache tu ingetosha kuifunga ile butoni baada ya kubonyezwa. Uliona rahisi zaidi kutuonya, ukadhani utakuwepo siku zote kutuonya. Kwa nini? Ulikuwa wapi siku ile ya mvua?

Shehe alisema mtu aliyekosea bila kujua hana dhambi, ila siku lazima ilipwe, na marehemu hadaiwi chochote. Kisha akamwambia Direkta kwamba Idi ikiisha mji utailipa siku hiyo pamoja, na kama si Zuhura anayeshika saa, misikiti itarudi kila mmoja kwa saa yake. Direkta alikubali akiwa amenuna. Msamaha hajaomba, kwako wala kwangu.

Niliandika ile mistari mwenyewe. Ilinipa kazi, kwa sababu makro yako umeiandika kama unavyoongea, bila kupumua. Sasa ukibonyeza, butoni inatoweka. Bonyeza mpaka vidole viote sugu, saa ni moja.

Siku ya kulipa ilifika. Anga lilikuwa safi. Nilitazama tarakimu zako mpaka macho yakaniuma, nikamwashiria Yohana, adhana ikaenda hewani. Nikatoka nje. Mama, hakuna aliyekula. Barabara nzima, watu wameshika tende mkononi, wamegeuza shingo kuelekea Lualaba. Walikuwa wanalikagua jua! Baada ya yote hayo, walikuwa bado wanatukagua. Nilitaka kuwapigia kelele mmoja mmoja.

Jua halikuwepo. Upande wote ule ulikuwa mwekundu tu.

Koko Salima alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake. Alitazama muda mrefu kuliko wote. Kisha akaweka tende mdomoni, akaitafuna polepole, akaniambia bila kunitazama: "Leta ule wali wa mama yako. Nitakula."

Nikapika upya, Mama. Nikakulilia juu ya sufuria, kwa mara ya kwanza.

Basi lala. Sijakusamehe ule waya wa antena, usinisukume. Ila nakuahidi hivi: ninaifundisha saa hii kwa watu wengine, Yohana na mabinti wawili wa msikitini, mpaka waijue mstari kwa mstari, ili siku nikiwa na homa nibaki kitandani.

Mwanao,
Zuhura