Incoronata ni Nani?

Jumapili, 6 Oktoba

Lovech. Tumeingia jioni na mvua. Potito kaendesha gari la kukodi tangu Sofia huku akiimba, eti furaha imemzidi. Kesho tunawachukua watoto wetu wa kuasili! Si kuwatembelea, si kuwaona kwenye simu Jumapili baada ya misa. Kuwachukua. Kalina ana miaka saba, Plamen mitano. Ijumaa tutakuwa nyumbani, Lucera, wanne.

Nimerudia maneno yangu ya Kibulgaria bafuni. Njaa. Usingizi. Inauma wapi? Usiogope. Mwaka mzima wa masomo ya jioni na bado ulimi wangu mzito.

Jumatatu, 7 Oktoba

Tunao! Wamelala chumba cha pili, kitanda kimoja, wamekataa kutenganishwa.

Genka, mama mlezi wao, alitupikia kana kwamba tunakwenda vitani. Amewalea tangu Plamen hajaota meno. Hakulia hata kidogo mbele yao. Tulipotoka getini akamwaga kopo la maji miguuni petu, ua moja jekundu likaelea matopeni. Potito akaruka: "Viatu vyangu! Huyu mama ana wazimu?" Zornitsa, mwakilishi wa shirika letu, akacheka hadi akashika ukuta. Ndiyo desturi yao, akasema, safari yenu iteleze kama maji. Potito akaona haya, akamshukuru Genka mara nne.

Kwenye gari Genka akanivuta kando. Huyu mkubwa, akaniambia, ukimwita mara moja haitiki. Mwite mara mbili. Tangu mama yake amwache anataka kwanza kuhakikisha ni yeye anayetakiwa.

Nimejaribu. Kalina, Kalina. Akaja mbio.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefura! Naandikia chooni, mlango nimeutia komeo, na Potito akigonga tena nitamwagia maji, tena si ya baraka.

Asubuhi mama mkwe kapiga simu ya video. Nyuma yake jirani, shangazi wawili, hata kinyozi wa ghorofa ya chini alikuwepo. Watoto wanakunywa maziwa. Mama mkwe akaanza kupayuka: "Incoronata! Incoronata wa bibi! Njoo nikuone, roho yangu!"

Kalina akageuka kutazama mlangoni, aone nani kaingia. Hakuna mtu. Akaniuliza, "Incoronata ni nani?"

Nikacheka, mjinga mimi! Nikamjibu ni bibi mwenyewe, ndilo jina lake. Nikamtazama Potito tucheke wote. Uso ulikuwa umemwiva kama pilipili. Na kule kwenye simu mama mkwe ananyanyua shuka jeupe lililotariziwa kwa uzi wa bluu, herufi kubwa kama za bango la duka: INCORONATA. "Kama langu, kama lako!" anasema, na shangazi wanapiga makofi.

Nikakata simu.

Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Najua. Nani asiyejua? Kaka yake Potito amepata wavulana watatu, wa kwanza akabeba jina la marehemu baba mkwe, hivyo Plamen kaponea hapo. Jina la mama mkwe ndilo lililobaki bila mtu. Lakini sisi tulikubaliana! Mwanasaikolojia wa shirika alipotuuliza habari ya majina, ni Potito aliyedakia kabla sijafungua kinywa: "Jina ndilo kitu pekee wanachokuja nacho, tutawanyang'anyaje?" Yule mwanamke alimtazama kama mtakatifu. Mimi pia!

Kumbe mwezi Machi, nilipokuwa zamu jikoni shuleni, amekwenda kwa wakili peke yake, na hati ya uwakala niliyompa anisainie. Asiyekuwepo na lake halipo. Mahakama ya hapa imempa mtoto jina jipya miezi mitatu iliyopita, na karatasi zote amezishika yeye. Mji mzima wa Lucera unajua. Kinyozi anajua!

"Mama ana miaka sabini na tisa, Lore. Alilia."

"Na mimi ungeniambia lini? Siku ya harusi ya mtoto?"

"Nilikuwa natafuta nafasi nzuri."

Nafasi nzuri! Amelala kitanda kimoja nami tangu Machi.

Jumatano, 9 Oktoba

Zornitsa amekuja. Nimemwuliza kama inarekebishika. Alinitazama kwa huruma, jambo lililonizidishia hasira. Hukumu imetoka na jina hilo, cheti cha kuzaliwa kimetoka na jina hilo, pasipoti vilevile. Kubadili ni kurudi mahakamani, miezi minne, labda mitano. Watoto? Wangesubiri. Wapi? Kwa Genka haiwezekani, Jumatatu anapokea mtoto mchanga mwingine. Basi ni kwenye nyumba ya watoto, na huko wa miaka mitano na wa miaka saba hawalali jengo moja.

Potito akakunja mikono. "Unaona? Maji yakimwagika hayazoleki. Ni la karatasini tu, mke wangu. Nyumbani tutamwita Kalina."

"Na mama yako atamwitaje?"

Akainama kufunga kamba za kiatu.

"Na mwalimu? Na padri? Na kinyozi?"

Nilimrushia kandambili. Bahati yake, sina shabaha.

Jioni mama mkwe akatuma ujumbe wa sauti. Mwanangu Loredana, usinikasirikie, mtoto mdogo yule, hata hatalikumbuka jina lile la huko. Jina lile la huko! Mama Incoronata, mimi mwenyewe ilikuwa niitwe Addolorata kwa ajili ya bibi mzaa baba. Mama yangu aligoma, akiwa bado na damu ya uzazi. Mama mkwe wake hakumsemesha miaka miwili, na mama yangu akazidi kunenepa. Nilikuwa sijawahi kumshukuru. Leo nimempigia, nimelia tu, yeye akasema: "Lia ukimaliza kugombana, si kabla."

Jumla ya maneno niliyomwambia Potito baada ya hapo: moja, mezani, chumvi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sofia. Visa zimepatikana. Chumba cha hoteli kinanuka supu ya kabichi.

Ilibidi Kalina aambiwe, kesho askari wa mpakani atasoma pasipoti. Potito alitaka niseme mimi. "Wewe lugha unayo."

"Lugha ninayo. Uso sina. Sema wewe, mimi nitatafsiri."

Akasema. Jasho lilimtoka, akajikanyaga, akaanza na bibi anayempenda sana, akamalizia na bibi anayempenda sana. Nilitafsiri kila neno, sikumsaidia hata moja. Kalina alikuwa anakula mkate wa jibini, makombo kifuani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Plamen?"

"Plamen anabaki Plamen."

"Kwa nini yeye anabaki?"

Potito akanitazama. Akachukua kitambaa, akaanza kumpangusa mtoto makombo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, husema watu. Sisi hata hatujafika nyumbani.

Baadaye nilimsikia Kalina bafuni. Maji yanatiririka, na yeye mbele ya kioo: Incoronata. Inkoro. Incoronata. Anakwama katikati, anaanza upya, kama mtoto anayekariri hesabu za kuzidisha akiogopa fimbo. Nikaingia, nikafunga bomba.

"Kalina, Kalina. Kwangu wewe ni Kalina."

"Leo, au hata tukifika?"

"Hata tukifika."

"Hata akija bibi?"

"Hata akija bibi. Hata akija na shuka lake!"

Hakucheka. Alinikagua usoni kama mtu anayepima samaki sokoni, kisha akakubali. Nimeahidi. Nimemwambia na Potito kwamba nimeahidi. Akasema, "Unanigombanisha na mama yangu." Nikamwambia ulijigombanisha mwenyewe, baba wee, tena na wanawake wawili kwa mpigo, na wa tatu ana miaka saba.

Analala kwenye kochi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Uwanja wa ndege. Chumba kidogo, viti vitatu, hakina dirisha. Naandika tukingoja.

Tulifika kwenye kibanda cha pasipoti vizuri, watoto katikati. Askari mwanamke, mzuri, ana vipuli vidogo. Kapekua karatasi zetu zote, katazama sura za watoto, katazama zetu. Watu wazima wageni na watoto wa hapa, ndiyo kazi yake kuuliza, simlaumu. Akainama dirishani, akamwuliza kwa lugha yake, kwa upole, "Unaitwa nani, kipenzi?"

Kalina akamtazama Potito. Akanitazama mimi. Akanyoosha mgongo.

"Incoronata," akasema. Hakukwama popote.

Na Plamen, aliyekuwa anachezea mkanda wa foleni, akapiga kelele watu wote wakageuka: "Mwongo! Mwongo! Huyu ni Kalina! Dada yangu ni Kalina!" Akamwangukia, akamshika nguo, analia, kamasi zinamtoka. "Wewe ni Kalina! Sema!"

Yule askari akaweka muhuri chini.

Sasa tuko humu. Pasipoti wamechukua. Hukumu tunayo ila ni nakala, wanataka ile yenye muhuri wa mahakama, na iko kwa Zornitsa. Yuko njiani kwenye teksi, ndege haitamngoja. Simu ya Potito inatetemeka mezani bila kukoma. Ni mama yake. Wako uwanja wa ndege wa Bari tayari, ukoo mzima, na keki. Najua kilichoandikwa juu ya keki!

Askari aliingia tena, akachuchumaa mbele ya Kalina. Hakuna atakayekukasirikia hapa, akamwambia. Watu hawa wanakutendea vizuri? Jina lako la kweli ni lipi?

Kalina alinivuta mkono, akaninong'oneza: "Nikisema Kalina, wataniacha hapa?"

Potito aliona uso wangu. "Amesemaje? Lore, amesemaje?"

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, kama jana. Ameketi sakafuni, suti yake mpya na yote, mgongo ukutani, simu inatetemeka na hata haigusi. Nilitaka kumpiga. Bado nataka. Mwanamume mzima, kaogopa machozi ya mama yake, mzigo akamtwika mtoto. Lakini analia, na sina hata nafasi ya kumchukia vizuri.

Askari amekwenda kumleta mkubwa wake. Alipofika mlangoni akanigeukia mimi. Mkubwa atataka kusikia kutoka kwako, akasema. Wewe ndiye mama. Huyu mtoto anaitwa nani?

Nikisema Kalina, pasipoti ni ya mtu mwingine na leo hatuondoki, labda wanalala nyumba ya watoto, kila mmoja jengo lake. Nikisema lile jingine, nasema mbele yake. Jana tu nimeahidi. Hata siku haijatimia!

Viatu vinakuja koridoni. Plamen amelala kwa kulia, kichwa kwenye begi. Kalina amepanda magotini pangu, kalamu inanipotea, anasukuma daftari ili nimtazame yeye. Ananishika mashavu kwa mikono yote miwili. Ananinong'oneza, polepole, ili na mimi nielewe.

"Sema Incoronata, mama. Si vigumu. Nitakusaidia."

Ndiyo mara ya kwanza ameniita mama.