Kamera ya Helmeti na Uso wa Fredy

Falls Church, Virginia
10 Februari 2009

Mpendwa dada yangu Anitha,

Habari za siku nyingi, na habari za Moshi? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi chako kimekuacha. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu. Kila asubuhi nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini Arlington, na vidole vinakufa ganzi. Watoto wanasoma vizuri. Kiswahili wanakielewa chote, lakini wanajibu kwa Kiingereza, na nimeshachoka kugombana nao.

Ujumbe wako kuhusu mama mkubwa nimeupata, nikausoma mara mbili. Kwamba amesikia mwanawe Fredy amekufa huku na sisi tunamficha, kwamba chakula hakimshuki, na kwamba ameshaandikisha misa ya marehemu Jumapili ya tarehe mosi Machi. Aliyemletea habari hizo amechanganya watu. Ni kweli Novemba tulimsafirisha marehemu kutoka Riverdale Park, mji wa jirani, aje kuzikwa nyumbani, naye aliitwa Fredy, lakini alikuwa mtu wa Mwanza. Wetu yuko hai, na anakula kuliko mimi.

Sasa mama mkubwa hataki simu, eti sauti huigizwa. Picha nayo hataki, maana picha hata marehemu wanazo. Kuja mwenyewe Fredy hawezi. Akitoka bila makaratasi hataruhusiwa kurudi, unalijua hilo. Basi nikaamua tumpige video.

Majira haya Fredy hayuko mjini. Kila Desemba huenda milimani, magharibi ya Maryland, mwendo wa saa tatu kwa gari, kutengeneza pikipiki za theluji za watalii. Usicheke, zipo kweli. Mbele zina mbao mbili za kutelezea, nyuma mkanda mpana wa mpira badala ya gurudumu, na zinakimbia kuliko zile alizokuwa akizifungua gereji pale Majengo. Nilimwambia akae kwenye kiti nimpige dakika mbili tu, yaishe. Akakataa. Alitaka mama yake amwone yuko kazini, si amekaa kama mgonjwa wa wodini.

Kamera niliazima kwa Nehemiah, Mkenya ninayefanya naye kazi, ambaye huivaa kwenye helmeti akienda kuteleza kwenye theluji. Ni ndogo, inajaa kiganjani, wala haina kioo cha kukuonyesha unachopiga. Alinipa helmeti yenyewe na kibandiko kimoja cha akiba, akanionya: "Clem, hiyo sticker usi-stick ukiwa nje kwa baridi, itabanduka tu. Stick ndani kwa joto. Na battery ya pili weka ndani kabisa, karibu na mwili, coz baridi inazimaliza haraka." Nikamwambia nimeelewa. Mimi ni mtu wa kompyuta, sipendi kufundishwa mambo ya betri.

Jumamosi nikafika huko saa nne asubuhi. Fredy akavaa helmeti, akawasha, akazunguka msituni dakika ishirini. Tukaingia ofisini kwa tajiri wake kutazama kwenye kompyuta. Theluji. Miti. Glavu mbili. Upepo unavuma mpaka masikio yanauma. Fredy mwenyewe hayumo hata kidogo, kwa sababu aliyevaa kamera haonekani, na hilo halikutujia, watu wazima wawili. Mama mkubwa angesema zile ni glavu za mtu mwingine, na asingekosea.

Tena kwa kuiingiza kamera ghafla kwenye chumba chenye joto, lenzi ikashika ukungu. Kumbe ilipaswa kufungwa kwanza ndani ya mfuko wa plastiki, ipate joto polepole. Tukakaa saa nzima tukinywa chai tunangoja ikauke. Fredy aliuliza habari za mama yake mara nne. Kila mara nilimpa jibu lile lile.

Halafu akaiingiza pikipiki bandani penye jiko, akafuta kioo cha mbele mpaka kikawa kikavu, akabandika kamera imtazame dereva. Gundi hakuiamini, akaongezea kamba ya kiatu. Betri ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ya pili nilikuwa nimeitia mfuko wa nje wa koti, na nilipoitoa ilikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Chaja niliisahau mezani nyumbani. Nikamsihi aseme lake mle mle bandani. Akasema mle ni giza, mama hatamtambua.

Akatoka, akazunguka uwanja mara moja, akasimama palipo na mwanga. Akazima injini ili sauti isikike, akavua helmeti, kichwa kinafuka mvuke. Ameota mvi kidogo, msishtuke. Akaitazama kamera, akasema, "Shikamoo mama." Kisha akanyamaza.

Mimi nilikuwa pembeni, naiona taa nyekundu inapepesa. Nikapiga kelele, "Endelea, betri inakufa!" Akaninyamazisha kwa mkono bila kugeuza uso. Taa ikazimika. Nilikasirika sana, Anitha. Saa tatu za kwenda, saa tatu za kurudi, kwa neno moja! Nikamuuliza ni nini kilichomfunga mdomo.

Akaniambia, "Sasa Clement, ningeendeleaje kuongea wakati mama hajaitikia?"

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Niliumia, nikajifanya nafungua ile kamba ya kiatu.

Diski nimempa Euphrasia wa ubalozini, anasafiri Alhamisi na atafika Moshi kabla ya Jumapili hiyo ya misa. Itieni kwenye deki, na katekista awepo, ili misa ile ifutwe mbele yake. Nisalimie mumeo, na Kamande jirani yenu, na wote wanaoniulizia. Mwenyezi Mungu awatunze, amrudishie mama mkubwa hamu ya kula.

Yale ya msituni nimeyakata, imebaki kama dakika moja hivi. Ule ukimya wa mwisho nilitaka kuukata nao, kisha nikauacha. Fredy akishaamkia, msizime. Mwambieni mama mkubwa aitikie, mwanawe anamngoja.

Kaka yako akupendaye daima,
Clement