Kamusi Tatu Nilizozitenganisha

Jumanne, 9 Septemba. Asubuhi upepo na vumbi, jua hafifu.

Baba,

Shikamoo. Nina kosa la kukueleza.

Siku ya arobaini, wazee walipogawa vitu vyako, mimi ndiye niliyeandika orodha. Baba mdogo alisema, "Vya marehemu havirundikwi kwa mtu mmoja." Basi nikazigawa hata kamusi zako, kama nilivyogawa mashati. Ya Kipolandi kwa shangazi, kule Kizota. Ya Kibulgaria kwa baba mdogo, Makutupora. Ya Kirusi kwa mjomba, Kondoa. Mimi nikabaki na daftari lako.

Nililifungua baada ya wiki. Safu tatu za maneno, lugha tatu, na safu ya Kirusi tupu kurasa nyingi. Nikakumbuka ulivyosema hospitalini, "Hicho nitakimalizia, kiko kichwani."

Ulizipata lugha hizo ulipokwenda Urusi kusomea kilimo cha zabibu, ukalala chumba kimoja na Mpolandi na Mbulgaria. "Ni ndugu," ulikuwa ukiniambia, "kama Kigogo changu na Kirangi cha mama yako. Bibi yao, lugha ya kale iliyowazaa, alikufa bila kuandikwa. Wajukuu wakatawanyika: Mrusi mashariki, Mpolandi magharibi, Mbulgaria kusini." Nikauliza mbona Kibulgaria kimeacha kubadili mikia ya nomino kufuata kazi yake katika sentensi, na wenzake bado wanabadili. Ukacheka. "Kila nyumba na uvivu wake, mwanangu."

Jumamosi nilikwenda Kondoa kuichukua ya Kirusi, ili zote tatu zirudi pamoja. Mjomba alikuwa ameichana kamusi, anafungia karanga dukani. Zimebaki kurasa chache za mwisho.

"Mpwa wangu, yale maandishi sikujua hata herufi," alisema. Hakunitazama. Sikumlaumu. Orodha ni mwandiko wangu.

Maneno ya Kirusi nitayapata kwenye simu. Lakini pembeni mwa kamusi ile uliandika kwa penseli, miaka yote, kila neno linavyofanana na ndugu zake na mahali palipokutatiza. Hayo hayapo popote, Baba. Watu wamekula karanga, wakatupa karatasi.

Zile mbili zimesharudi. Ziko kabatini pamoja na kilichobaki cha ile ya tatu.

Lala salama. Nakuahidi safu ya Kirusi nitaijaza, ila kwa wino wa rangi nyingine, ili atakayesoma aone wazi uliponyamaza.

Sasa nakwenda kulala, saa nane na robo usiku.