Siyu ya Redioni

Mjukuu wangu Swabra,

Salamu zako zimefika. Mamako hajambo, na babu yako, alhamdulillahi, sasa anaswali kwa kusimama. Waniuliza, utakapokuwa mwalimu, uwafundishe watoto habari za mji wetu kwa ramani ya simu?

Nilipokuwa shuleni, mwalimu wetu alileta redio darasani. Somo likasema Siyu, mji wetu huu, imebaki magofu, watu wote walihama. Tukacheka. Yeye hakucheka. Aliizima, akasema, "Kila mmoja asimame, ataje jina lake na nyumba aliyolala jana." Tulisimama sote. Siku ya pili akaileta tena.

Itumie ramani, mwanangu, kisha wasimamishe watoto. Ramani hiyo mamako alinionyesha. Paa letu limo. Mimi niliyekuwa chini yake sikuonekana.

Bibi yako,
Siyu