Mstari wa Kicheko Katika Kitabu cha Getini

Kibanda cha Mlezi,
Bweni la Pili la Wasichana,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kadogo,

Pokea salamu nyingi za mjomba wako. Mimi mwili ni mzima, ila mgongo unanisumbua asubuhi, na miwani nimeifunga uzi baada ya kuikalia. Wewe je? Mama yako aliniambia kwenye simu kwamba kile kikohozi kimekwisha, lakini chakula hakishuki na nywele umezikata zote. Usingizi unaupata? Na bibi yako, miguu imepungua kuvimba? Nawawaza kila siku, ingawa kwa ukimya wangu huwezi kuamini.

Ningeweza kupiga simu. Nimejaribu mara nne, na kila mama yako anapopokea naishia kuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwenye karatasi angalau hakuna anayenisikia nikilia, na leo nina jambo ambalo ni lazima likufikie kama lilivyo.

Bweni limepakwa rangi upya. Ghorofa yenu bado imefungwa, na wenzako wamehamishiwa jengo la walimu wasaidizi, ambako wanalalamikia maji ya bomba asubuhi hadi jioni. Wanafunzi wapya wameshaanza kuniita Mjomba Funguo, sijui nani amewaambia. Naitika, lakini raha ya kuitwa hivyo imekwisha.

Sasa sikiliza. Mama yako anasema umekataa kurudi kufanya mitihani, na kila ukiulizwa sababu unajibu kwamba wewe ndiye uliyemuua mwenzako Kicheko. Mpwa wangu, hukumuua. Nisome hadi mwisho, halafu unihukumu mimi.

Unakumbuka siku ya kwanza nilivyowakusanya ukumbini nikawasomea masharti ya moto. Kupika chumbani marufuku. Pasi ichomolewe hata umeme ukikatika. Mlango wa ngazi ya nyuma usitiwe kufuli. Anayetoka aandikishe kwenye kitabu cha getini, na anayerudi aandikishe. Nilipofika hapo nilivua miwani nikawaambia kitabu hicho ndicho kitakachowaambia zimamoto nani amebaki ndani. Kicheko akanyoosha mkono, akauliza kama kitabu kinaweza pia kusikia mtu anayekoroma. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, nami nikacheka na nyinyi. Nilimpenda yule mtoto tangu siku ile.

Kisha kulikuwa na zoezi letu la Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na jinsi mlivyolichukia. Kengele inalia, mnashuka, mnasimama juani karibu na tangi la maji, nami naita majina polepole kama mtu asiye na kazi nyingine. Aliyeandikwa kitabuni kuwa ametoka hasumbuliwi. Basi wajanja wakagundua njia. Msichana ananijia asubuhi, macho mekundu kwa kukesha na vitabu, anasema mjomba, niandike nimetoka, nilale kidogo. Nami namwandika. Sikuona ubaya, maana zoezi ni zoezi tu, na watoto wa watu wamechoka. Wewe hukuniomba hata mara moja, nadhani uliona haya kwa kuwa mimi ni mjomba wako wa damu.

Jumamosi ile ya moto walikuja watano. Kicheko alikuwa wa tatu. Alikuwa amekesha na ripoti ya maabara, amevaa soksi moja ya kijani na nyingine nyeupe. Kwenye mstari wake niliandika ametoka, saa nne. Wakati huo fundi bomba alikuwa ananidai ufunguo wa paa, kwa hiyo niliandika huku nikibishana naye. Yeye akapanda kulala, na mimi nikasahau.

Yaliyotokea upande wako unayajua. Ulikuwa unapiga pasi kwenye chumba cha pasi, umeme ukakatika, ukaiacha mezani bila kuichomoa, ukaenda dukani. Umeme uliporudi, blanketi la mezani likashika moto. Sitakudanganya kuhusu hilo. Wapelelezi wamesema hivyo, na wewe ulilisema mbele yao umesimama wima, hukumsingizia mtu. Nilikuwa nimekaa nyuma yako siku hiyo, na nilijionea aibu mimi.

Kengele ilipolia saa nane, wengi walidhani zoezi limewahishwa. Ndiyo maana walishuka wakitaniana, wengine na vikombe vya chai mkononi. Na ndiyo maana Kicheko hakushuka. Watatu kati ya wale watano walishuka na wenzao, lakini mmoja, msichana wa ghorofa ya chini, aliniambia baadaye kwamba aliisikia kengele vizuri kabisa, akajiambia hiyo haimhusu kwa sababu mjomba ameshamwandika, akavuta shuka. Naamini Kicheko naye alifanya vivyo hivyo.

Ulikuja mbio kutoka dukani hadi kwenye tangi ukiniuliza Kicheko yuko wapi. Nikakuonyesha mstari kwa kidole. Nilikukaripia hata, nikakuambia ametoka saa nne, huoni? Ukatulia, kwa sababu uliniamini. Zimamoto walipofika, mkubwa wao akaniuliza kama kuna mtu ndani. Nilipitisha kidole kwenye majina yote mia na ishirini, nikalinganisha na waliosimama mbele yangu, nikamjibu hakuna. Niliusadiki mwandiko wangu mwenyewe. Basi wakabaki nje, wakaelekeza maji madirishani.

Ilipita robo saa. Ndipo yule wa ghorofa ya chini alipotokea mlangoni, amejifunika taulo, anakohoa. Nilimwangalia, nikaangalia kitabu, jina lake limeandikwa ametoka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na walipoingia walimkuta Kicheko kitandani. Hakuwa na alama hata moja ya moto mwilini, ulikuwa moshi tu. Mengine sina haja ya kukuandikia, maana wewe ndiye uliyemshika mkono ndani ya gari la wagonjwa.

Wiki ile kamati ya uchunguzi iliniita. Wakauliza inakuwaje mtu aliyeandikwa ametoka akutwe amelala. Mdomo wangu ulikuwa na jibu, mpwa wangu, nikalimeza. Nikasema huenda alirudi bila kuandikisha. Neno lile, huenda, wao wakaliondoa. Wakaandika kwamba marehemu alirejea bwenini kwa kukiuka masharti, wakabandika karatasi ubaoni. Hadi leo iko pale, na mimi ndiye ninayeufungua ukumbi kila asubuhi.

Mama yake ni mshonaji, ana cherehani moja barazani kwake. Amesoma karatasi hiyo. Alinijia hapa getini akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi, kwa niaba ya mwanawe, akisema kwamba nyumbani hakuwa mtoto wa kuvunja sheria na hajui alianza lini. Nilimkaribisha kiti, nikamwambia asijali. Sijui kama kuna mtu amewahi kusema neno chafu kuliko hilo langu.

Mwezi uliopita yule mkubwa wa zimamoto alikuja kukagua kengele mpya. Nikamwuliza kama mtu wa kupitapita, walipofika siku ile korido ya juu ilikuwa inapitika? Akasema ilipitika bila shida kwa mtu mwenye barakoa, wangeingia na kutoka ndani ya dakika tano. Hakujua kwa nini namwuliza. Tangu siku hiyo sijaweza kukaa kwenye kibanda hiki bila kufungua mlango.

Kwa hiyo mpwa wangu, lako ni pasi. Ni kosa, umelikiri, na utaishi nalo, lakini usilibebe pamoja na langu. Moto ule ulimwachia Kicheko muda wa kutoka. Mimi ndiye niliyesema hayumo. Kula, tafadhali. Rudi ufanye mitihani yako, hata kama utapita getini bila kunisalimia. Hata hivyo sidhani utanikuta getini.

Kesho asubuhi napitia posta kwanza. Kutoka hapo naenda barazani kwa mama yake Kicheko, na kitabu kwapani, nimwonyeshe mstari wenyewe, halafu kwa mwenyekiti wa kamati. Nimepanga posta iwe ya kwanza kwa makusudi. Naujua woga wangu, nikifika kona ya nyumba yake naweza kugeuza. Barua ikishadondoka kwenye sanduku sitaweza kuitoa tena, na wewe utakuwa unajua.

Nisalimie mama yako, mwambie kaka yake anamwomba asipige simu kwanza, nitapiga mimi. Msalimie shemeji na mdogo wako mtundu. Bibi yako usimsomee haya, nitakuja kumweleza kwa mdomo wangu, ananidai hilo.

Imebaki salamu moja, na hii si yangu. Mama yake Kicheko amekuwa akinituma kwako kila tunapoonana, miezi mitatu sasa. Anasema ameambiwa wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kumshika mwanawe mkono, na anatamani uje siku moja, ukae naye, naye aushike mkono huo. Sikukufikishia. Niliogopa kwamba mkikutana mtaulizana, na mkiulizana mtanifikia. Nisamehe angalau kwa hili, kwa sababu mlihitajiana na mimi ndiye niliyesimama katikati.

Mungu akulinde, akurudishie usingizi, na akupe nguvu ya kumwendea.

Ni mimi akupendaye, na niliyekukosea,

Mjomba wako.