Ardhi Chini ya Mkorosho

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefua, nimepika maharage, nimechelewa kwenda kuiona nyumba. Baba Upendo alivaa viatu tangu asubuhi akawa ananung'unika mlangoni. Kawaida yake.

Nyumba ipo Mbagala, mtaa uleule niliozaliwa. Vyumba vitatu, bati jekundu, na uani kuna mkorosho wetu. Wetu kabisa! Nimeutambua kwa alama ya kamba ya bembea kwenye tawi la chini. Zamani kaka Benja ndiye aliyenipandisha pale. Leo nimekaa tu, kama kwenye kigoda, miguu chini. Nimecheka peke yangu. Kumbe nimekua.

Naitaka nyumba hii. Nimechoka kupanga Temeke.

Jumapili, 3 Agosti

Mahubiri sikuyasikia. Mwili kanisani, roho Mbagala. Mama anakaanga korosho kwenye kipande cha bati chini ya mti, moshi unawasha macho, sisi watoto mikono myeusi kwa mafuta ya maganda. Mama alikuwa mtu wa Masasi. Alisema bila mti ule asingekaa Dar hata mwezi.

Nimempigia Mama Salma, mwenye nyumba. Nimemsihi asimuuzie mwingine.

Jumanne, 5 Agosti

Tetemeko. Dogo, mchana. Vikombe vimelia kabatini, majirani wametoka nje na simu mikononi. Huku hutokea mara mojamoja, na tunasahau kabla chai haijapoa.

Baba Upendo hasahau. Kwao Tukuyu ardhi hutikisika, na nyumba ya shangazi yake, iliyojengwa juu ya udongo wa kujazia, ililala upande.

"Mama Upendo, hatulipi kitu mpaka nichimbe."

Mtu wa milimani huyu. Nimenuna mpaka kulala.

Jumamosi, 9 Agosti

Amechimba. Nina hasira naye, sijui nianzie wapi.

Mama Salma hakukataa, hata maji ya kunywa amemletea. Yeye alikinunua kiwanja kikiwa tambarare, zaidi ya hapo hajui. Tangu Jumanne mlango wa chumba cha nyuma haufungiki, na ukuta una ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Mimi nikasema ni rangi tu.

Njia yenyewe ya kupima ardhi ni ya kwao Tukuyu. Unachimba shimo la kufika gotini, kisha unarudisha udongo uleule na kuukanyaga kidogo. Ukibaki, ardhi imeshikana. Usipotosha, ardhi ni ya kujazia.

Haukutosha. Limebaki shimo la kuogea bata. Na ndani ya udongo: betri za redio, kandambili moja, mifuko ya plastiki.

Amesema hatununui. Nikamwambia ana wivu, kwa sababu mie nina pa kurudi na yeye kwao ni mbali. Neno baya. Amefunga jembe lake kwenye gunia tukaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi Mbagala peke yangu, nikakaa kwenye tawi langu. Nilitaka kununa vizuri.

Halafu nikafikiri. Benja alinibeba mabegani ndipo nikalifikia tawi hili, na Benja alikuwa mrefu. Hata mimi wa leo nisingelifikia. Mtu hukua, lakini tawi halishuki kumfuata.

Nimefukua kando ya shina kwa kijiti. Shina linashuka. Nimefukua mpaka mkono wote umeingia, bado linashuka.

Hapo yote yakanirudia. Hapa palikuwa bondeni, kwenye machimbo ya mchanga. Malori yalikuja kupakia. Yakiondoka, sisi tunakalia makuti na kuteleza mtelemko mzima, mama anatupigia kelele, hatusikii. Mtelemko ule ndio utamu wote wa utoto wangu. Kumbe tulipohama wakaujaza taka na kifusi mpaka karibu na tawi. Nimeulilia wiki nzima, na muda wote nilikuwa nimekaa juu yake.

Nimemwonyesha Mama Salma shina. Ameweka kiganja ukutani. Nimemwonea huruma sana.

Nyumbani nikamwambia Baba Upendo, "Umeshinda."

"Kwani mie nilikuwa nashindana?"

Akanimiminia chai.

Jumamosi, 16 Agosti

Pugu. Kiwanja kitupu kwenye mwinuko. Hakuna nyumba, hakuna mti ninaoujua.

Tumechimba wote wawili. Udongo umerudi, shimo limejaa, na umebaki wa kutengeneza kichuguu. Nimesimama juu ya lile shimo kwa miguu yote miwili. Halikutitia. Tutakichukua.

Nimelia kidogo, kwa ajili ya Mbagala. Baba Upendo ameangalia pembeni, kisha akatoa mfukoni korosho za kukaanga alizonunua njiani bila kuniambia. Tumekaa chini, tumekula. Hazikuwa na chumvi. Za mama zilikuwa na chumvi.